Kiti cha Ardelle

Delmar alipiga simu Jumatano, akaomba kuzungumza na mume wangu. Hapo hapo nikajua mambo si ya kawaida, kwa sababu shemeji yangu na Cliff hawapigiani simu. Wakiwa na la kuambiana hungoja Ijumaa, na hata Ijumaa yenyewe wanaweza wasiambiane. Cliff alisikiliza, akasema "ee", akaitazama dari, akasema "ee" ya pili, kisha akaweka simu chini na kuniambia kwamba Delmar atakuja na mtu.

"Mtu gani?" nikauliza, ingawa mji mzima wa Harrow ulikuwa unajua na mimi nilijua kabla ya mji.

"Yule mama wa Illinois." Cliff alikuwa anaongea na viatu vyake. "Na amesema hivi, Verna. Kama kiti hakina nafasi, hatalazimisha. Watakuwa wanakula kwenye mkahawa wa kule barabara kuu. Moja kwa moja, si wiki hii tu."

Nikaingia jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Kiti alichokuwa anakisema ni cha dada yangu Ardelle, mke wa Delmar. Kwa Wendorf, kwenye klabu ya chajio, yaani mkahawa wa jioni wenye baa, iliyo ukingoni mwa ziwa, sisi wanne tulikuwa na meza yetu tangu nywele zangu zilipokuwa na rangi yake. Meza iko mbele ya dirisha. Mimi na Ardelle tulikaa bega kwa bega tukiangalia dirisha, na waume zetu walikaa ng'ambo, migongo dirishani, wakituangalia sisi: Delmar mbele ya Ardelle, Cliff mbele yangu. Ardelle alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Ijumaa ya kwanza tuliporudi, mimi, Cliff na Delmar, niliweka mkoba wangu juu ya kiti chake, na Ijumaa zote zilizofuata nimeuweka hapo hapo. Lois Wendorf, ambaye ndiye mwenye klabu, hakukiondoa kile kiti wala hakuuliza. Mkoba wangu si mdogo. Unakijaza kiti vizuri.

Niseme ukweli nilichokuwa nakitaka. Nilimtaka Delmar abaki, ila yule mama asije. Nilimtaka Delmar kwa sababu ndiye pekee aliyebaki duniani anayemkumbuka Ardelle jinsi ninavyomkumbuka mimi, si kama yule wa kwenye picha ya mazishi, bali kama alivyokuwa: anacheka chakula kikiwa mdomoni, anaiba viazi kwenye sahani za watu. Ijumaa tukikaa sisi watatu, mmoja akitaja jina lake, wawili wanatabasamu. Delmar akienda kula kwingine, hilo limekwisha. Hofu yangu ilikuwa hiyo, na sikuona haya kuwa nayo. Lakini kumweka mtu wa Illinois kwenye kile kiti, nami nimpitishie chumvi na kumwambia karibu, hilo nalo lilikuwa limenikaa kooni.

Na kwa nini Illinois? Huku kwetu Wisconsin tunawajua watu wa Illinois. Wanakuja kiangazi na maboti yenye kelele, wanaendesha gari kama wanafukuzwa, wanashabikia timu yao mbovu ya mpira, halafu wanatuambia ziwa letu ni zuri, kana kwamba tulikuwa hatujaliona. Huyu Rosalind alikuja kuuza kibanda cha marehemu kaka yake mwezi wa kumi na moja, wakati ambao hata samaki wanatamani kuhama. Gari lake likateleza likaingia mtaroni, Delmar akalivuta kwa lori lake. Kibanda mpaka leo hakijauzwa.

Mwingine aliyeumia ni Bernadine Tuska. Bernadine ni mjane wa mwenye duka la mbao, na mwaka mzima baada ya mazishi alimpelekea Delmar mabakuli ya tambi za kuoka na jibini, kila bakuli na jina lake chini ili Delmar alirudishe mwenyewe. Delmar alizila tambi, na mabakuli akamtuma Cliff ayarudishe. Kwa hiyo Harrow nzima ilikuwa inasubiri kuona siku Bernadine na Rosalind watakapokutana chini ya paa moja.

Ijumaa ikafika na theluji yake. Mimi na Cliff tulitangulia, maana Kwa Wendorf ukichelewa Ijumaa utamaliza vinywaji vitatu kabla hujaitwa. Kule huingii ukaenda kukaa mezani. Unaingia upande wa kaunta, unavua koti, unakunywa, unamwagizia Lois chakula hapo hapo umesimama, na unaendelea kupiga soga mpaka saladi yako iwe mezani. Ndipo Lois anakuja anakuita kwa jina na idadi ya watu. Hata uwe gavana utasubiri. Miye sijawahi kuona njia nyingine ya kula yenye akili kuliko hiyo, kwa sababu mtu akifika mezani ameshapata joto na ameshamaliza malalamiko yake.

Nyuma ya kaunta alikuwa Norb, kama kawaida. Norb hamwulizi mwenyeji anakunywa nini. Taa za gari zikimulika kwenye dirisha la maegesho, anazitambua, na mikono inaanza kazi: sukari, matone mawili ya kiungo kichungu cha mitishamba, kipande cha chungwa, anaviponda, brandi, barafu. Hiyo tunaiita ya kizamani, na huku kwetu ni ya brandi, hatutaki kusikia habari za wiski. Mgeni ndiye anayeulizwa, tamu au chachu, yaani imalizwe kwa soda ya limau yenye sukari au ile kali ya balungi. Mimi yangu tamu na cheri mbili. Cliff tamu. Delmar tamu. Ardelle peke yake alikunywa chachu, na badala ya cheri alitaka uyoga wa achari umechomwa kwenye kijiti. Miaka yote hiyo nilikuwa namwambia, dada, hicho si kinywaji, hiyo ni saladi iliyoanguka kwenye maji.

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na Delmar nyuma yake akiwa amenyoa vizuri kuliko siku ya harusi yake. Ubavuni kwake kulikuwa na mwanamke mfupi wa rika langu mwenye koti la njano. La njano kabisa. Katika kaunta ile, ambapo sisi wote tumevaa rangi za matope na msitu, alionekana kama mtu aliyebeba taa.

"Verna," Delmar akasema, "huyu ni Rosalind." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayevuka barafu asiyoiamini.

Nikampa mkono. Nikamwambia barabara mbaya leo. Akasema ameiona, tena mara hii yuko juu yake na si mtaroni. Cliff akacheka. Mimi sikucheka, lakini nilitaka, na hilo liliniudhi.

Norb alikuwa ameona taa za lori la Delmar, akaanza kazi, na alipoinua macho akaona tumekuwa wanne. Nadhani ni hapo mambo yalipoharibika. Miaka miwili amekuwa akitengeneza glasi tatu, lakini kabla ya hapo ametengeneza nne kwa miaka mingi mno, na mikono haina habari ya mazishi. Akazipanga mbele yetu moja moja, ya Cliff, ya Delmar, yangu yenye cheri mbili. Ya nne akaisukuma mpaka mbele ya Rosalind. Ndani yake kilisimama kijiti, na juu ya kijiti uyoga wa achari.

Nilimwona Norb anauona ule uyoga. Uso ulimgeuka. Wazee wawili waliokuwa jirani zetu waliacha kuongea, na mmoja akaanza kusoma kwa makini kopo la karanga. Delmar akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu. Hakuna aliyethubutu kuivuta ile glasi.

Pale nilikuwa na neno tayari mdomoni. Hicho ni kinywaji cha dada yangu aliyekufa. Basi, ni hilo tu. Ningelisema taratibu bila hasira, na yule mama angerudi kwenye gari na koti lake la njano, na Delmar angemfuata, kwa sababu Delmar ni muungwana. Nilijua kwamba angemfuata. Neno likaendelea kukaa pale pale mdomoni.

Rosalind hakuwa na habari. Aliinua glasi, akatuangalia kama mtu anayesubiri wenyeji waanze, akaona hatuanzi, akanywa yeye. Macho yakajifunga yenyewe. Akameza kwa kazi kubwa. Kisha akauinua uyoga na kijiti chake hadi karibu na miwani, akauchunguza pande zote.

"Samahanini," akasema, "huyu amekosa nini mpaka akatumbukizwa humu?"

Nilicheka. Haikuwa kwa adabu wala kwa kupenda kwangu. Kilinitoka kicheko cha kifuani kile ambacho Cliff anasema kinatisha mbwa, nikashika kaunta nisianguke. Kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali langu kwa Ardelle miaka yote ile, kwa maneno yangu, na Ardelle hakuwahi kunipa jibu la maana.

"Mikono, Verna," Norb akasema, anaomba. "Mikono tu, mama. Ngoja nimtengenezee nyingine."

"Ni nini?" Rosalind akauliza. Alitazama uso wa Delmar, kisha wangu, na akaanza kuelewa kwamba kuna kitu amekikanyaga.

"Ni ya dada yangu," nikamwambia. "Ardelle. Alikuwa akinywa hiyo kila Ijumaa, hapo hapo uliposimama. Sisi wenyewe hatujui kwa nini."

Nilifikiri ataiweka chini kama kitu cha moto na kuanza pole nyingi, zile pole ambazo mwishowe wewe mfiwa ndiye unambembeleza mwenzako. Hakuzitoa hizo pole. Aliishika ile glasi kwa mikono miwili, akaifikiria.

"Basi si vizuri niimwage," akasema, na akainywa yote, kidogo kidogo, macho yakimtoka machozi kwa ule ukali. Uyoga ulimshinda. Aliushika hewani akitafuta pa kuuweka, na Delmar, bila kufikiri, akainama akaula kwenye kijiti, kama alivyokuwa akiula wa Ardelle Ijumaa zote za ndoa yao. Hata hakujua alichofanya. Mimi nilikiona, kikanichoma, nikanywa yangu tamu mpaka nusu, na kikapoa kuliko nilivyotegemea.

"Ya pili nitengenezee tamu, tafadhali," Rosalind akamwambia Norb. "Mimi ningeomba wiski, lakini Delmar amenionya njiani."

"Amefanya vizuri," Norb akasema. "Tungekurudisha mtaroni."

Lois akaja na kalamu sikioni kuchukua oda. Sisi watatu tulitaka samaki wa kukaanga, kama ilivyo desturi, na chapati za viazi na rojo ya tufaha. Rosalind akauliza kama samaki anaweza kuokwa. Lois akamwangalia kwa huruma, akamwambia anaweza, ila itabidi amwambie mpishi, na mpishi ni mama mkwe wake mwenye miaka themanini na kitu, na leo tayari ameamka vibaya. Rosalind akasema wa kukaanga atamfaa sana.

Tukaendelea kusimama. Rosalind alituambia alikuwa anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno, na kwamba siku hizi akimwona mtu humtazama mdomo kwanza, hawezi kujizuia. Cliff akafunga mdomo wake. Delmar akacheka, na kwa kweli tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, akitikisa mabega. Nikajiambia, haya, Verna, kunywa.

Ndipo Lois akarudi kutuita. Miaka yote alikuwa akiita, "Ardelle, wanne," kwa sababu Ardelle ndiye aliyeiweka meza ile kwa jina lake. Baada ya mazishi, Ijumaa ile ya kwanza, alisimama mbele yetu akahema, akasema, "Verna, watatu," na nilichukia lile neno watatu kuliko maneno yote ya mchungaji. Nimelisikia kila wiki na kila wiki nimelichukia.

"Verna, wanne," Lois akasema. "Saladi ziko mezani."

Nikatangulia mbele yao. Mshumaa ulikuwa unawaka ndani ya glasi nyekundu, na sahani ya kati ilikuwa tayari: karoti, figili, vijiti vya seleri, na bakuli la jibini ya kupaka na biskuti zake za chumvi. Saladi nne. Ya nne ilikuwa mbele ya kiti cha Ardelle, na kiti kilikuwa kitupu, kinanisubiri niamue. Mkoba ulikuwa bado mkononi mwangu. Delmar alisimama nyuma ya kiti chake bila kuketi, akinitazama, na Cliff akawa anatazama viatu tena. Rosalind alisimama nyuma kidogo na mikono ameifumbata. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia, lakini alishajua ni kiti gani.

Kumpa kile sikuweza. Nilijaribu, nikasikia mkono unakataa. Basi nikafanya lililowezekana. Nikauweka mkoba chini sakafuni, katikati ya miguu ya meza, nikakivuta kiti changu mwenyewe, cha mbele ya Cliff.

"Kaa hapa, dada," nikamwambia. "Utatazamana na mume wangu. Hana madhara, ila usimwangalie meno."

Na mimi nikakaa kwenye kiti cha Ardelle.

Delmar aliketi polepole mbele yangu. Alichukua figili, akaiweka kwenye sahani yangu, maana anajua nazipenda, akajipangusa macho kwa kitambaa cha mezani kana kwamba ni mdomo. Tukala saladi. Samaki wakaja wanachemka mafuta, ganda lao linavunjika kwa uma, na mkate mweusi na kachumbari ya kabichi, na nilikuwa na njaa, njaa ya kweli. Rosalind alimwambia Lois kwamba mama mkwe wake ashikwe mkono kwa niaba yake. Nikamwibia kiazi Delmar, akaniacha.

Sasa, kuna jambo la Ardelle ambalo sijalisema. Alikuwa na kipaji kimoja. Alijua nani ameingia bila kugeuka. Tumekaa vile, migongo yetu kwa watu, ghafla angeniambia kwa midomo iliyobanwa, "Usigeuke, lakini kina Hofstad wameingia na hawasemeshani." Mimi nageuka, kila mara nageuka, siwezi kujizuia, na ananipiga teke chini ya meza. Nilimwuliza anajuaje. Aliniambia anazijua nyayo za watu. Siku nyingine akasema ni jinsi mlango unavyolia, kila mtu anaufungua kwa namna yake. Nikamwamini. Miaka yote hiyo nimekaa pale nikisikiliza mlango kama mjinga, nikijaribu kujifunza, nikijiona kiziwi.

Basi nikiwa na kipande cha samaki kwenye uma, nikainua macho. Kutoka kiti changu cha siku zote, mbele yangu huwa ni Cliff, na Cliff ni mtu mpana. Nyuma yake huoni kitu. Lakini Delmar ni mfupi na kichwa chake kimebaki kipara kitupu. Juu ya kile kipara lilikuwa dirisha, na nje giza lilikuwa limeshafunga, na kioo kilikuwa kimegeuka cha kujitazamia. Kaunta yote ilikuwa mle. Norb anaponda chungwa. Wazee wawili na karanga zao. Na katikati kabisa, safi kama televisheni, mlango.

Mwongo mkubwa yule. Nyayo. Nilitaka kumpiga teke chini ya meza, na mguu wangu ukagusa mkoba. Nilimpenda sana wakati ule, kuliko siku yoyote tangu nimzike.

Ndani ya kioo mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke mwenye kofia ya manyoya, akapangusa theluji mabegani, akaangaza macho mpaka yakaifikia meza yetu, yakamwona Delmar, yakaliona koti la njano nyuma ya kiti. Akasimama pale pale mlango ukiwa wazi na baridi ikiingia. Norb akamwita mara mbili.

Cliff na Delmar walikuwa wanatazama upande wa mlango moja kwa moja, na hawakuona kitu, walikuwa wanabishana kuhusu unene wa barafu ziwani. Nikainama kidogo kuelekea kwa Rosalind. Nikabana midomo.

"Usigeuke," nikamwambia, "lakini Bernadine Tuska ameingia."

Nilingoja ageuke, kama ambavyo ningegeuka mimi. Hakugeuka. Alipaka jibini kwenye biskuti yake taratibu, bila haraka, akasogeza kichwa chake karibu na changu.

"Amevaa nini?" akauliza.

Nikamwambia.